Macho Mawili Ndani ya Tezi

Katika maabara yetu ya Butembo, kila kioo cha hadubini husomwa na watu wawili, mmoja baada ya mwingine, kabla daktari hajapewa jibu. Siku ile kioo kilitoka kwenye tezi ya shingo ya msichana wa Kirumba, aliyekuwa akimeza dawa za kifua kikuu bila nafuu. Kwetu shingo ikivimba, wengi hufikiria kifua kikuu tu. Nami nilisema hivyo.

Mwenzangu, mdogo kwangu kwa umri na kwa kazi, alitazama kidogo akasema ni saratani ya tezi. Daktari, aliyekuwa akipita akasikia, akamsifu mbele yangu, na wivu ukanikaba.

“Yaya, uko unaangalia na wivu,” mwenzangu akanitania, maana huniita yaya kama mkubwa wake. “Angalia na macho. Tafuta seli kubwa ya viini mbili, sawa vile macho ya bundi. Mais, lakini moja haitoshi.”

Si vigumu kuitambua ukishaelekezwa. Niliinama nikitamani awe amekosea, kisha nikaiona moja, na nyingine pembeni, ikinitazama. Mimi mwenyewe nilimwita daktari nikathibitisha saratani, na msichana akabadilishiwa matibabu.

Sifa zote alipewa mwenzangu. Mpaka leo inaniuma.