Santuri ya Velma

Otha Pruitt aliweka sawa sauti za piano za makanisa kule kaskazini mwa Alabama. Shule hakuijua, masikio yalimtosha. Mkewe Velma aliimba wimbo mmoja na bendi ya vijana wa roki, akafariki Februari, kabla santuri haijatoka.

Mji mzima uliingoja. Ilipotoka Mei, Dewey, fundi wa mitambo wa studio, aliileta mwenyewe nyumbani kwa Otha. Idella, dadake Velma, aliacha samaki jikoni, akaja na mikono yenye unga wa mahindi.

Dewey akaiweka kwenye gramafoni. Magitaa yalijikokota.

"Mbona inasinzisha?" Idella akauliza. "Ndiyo hii ya kutingisha redio?"

"Ni muziki wa bluzi, mtulivu, mama," Dewey akasema. "Wa kupumzikia."

"Tulivu? Hata paka kalala!"

Kisha akaingia Velma. Kikombe kikamponyoka Otha. Sauti ilikuwa nzito, kama ya mwanamume aliyechoka. Mwisho wa ubeti ikakwama, mfano wa mtu anayezuia kilio.

"Alikuwa anatuaga," Idella akasema, machozi yakimtoka. "Dada alijua."

Otha alikwenda kwenye piano yake, ile aliyofanyia mazoezi Velma, akagonga noti za wimbo ule. Wimbo wa santuri ulikuwa chini ya piano kwa nusu toni nzima.

"Huyu si mke wangu. Mmemfanya nini?"

Dewey akatazama viatu vyake. "Kampuni waliona wimbo unakimbia mno, mzee. Wakataka nipunguze mwendo wa tepu. Kidogo tu."

"Kidogo!" Idella akang'aka. "Ungepunguziwa wewe!"

"Tepu ya kwanza iko wapi?" Otha akauliza.

"Tuliifuta. Tukarekodi wengine juu yake."

Otha alisimama kama aliyepigwa. Halafu akafunua gramafoni, akakata kipande cha plasta ya kubandika, akakizungusha kwenye kile chuma chembamba cha mota kinachovuta mkanda wa kuzungusha sahani, ili kinenepe na santuri iende mbio zaidi. Akapiga wimbo, akapima na piano. Bado. Akaongeza plasta. Bado. Mara ya tatu vikakubaliana.

Velma akatoka mle ndani mwepesi, mchokozi, kama alivyokuwa. Ubeti ulipoisha, kile kilio hakikuwa kilio. Alikuwa anacheka. Alishindwa kujizuia, akacheka katikati ya neno.

Idella akaziba mdomo kwa mikono yake yenye unga.

"Alikuwa na furaha," Otha akasema. Akakaa chini.

"Shemeji, rudisha tena," Idella akasema.

Dewey ndiye aliyeinua sindano, akairudisha mwanzoni.