Njia Mpya Kati ya Kambi Mbili

Ukikutana na Orpha Kyabula sokoni Kikula, mjini Likasi, kwanza utadhani anakudharau. Anakutazama, ananyamaza, anakutazama tena, kana kwamba uso wako una bei isiyosomeka. Si dharau. Ni kazi iliyomwingia mwilini. Kwa miaka ishirini na sita mama huyu aliishi kwa kusoma picha zilizopigwa kutoka angani, na msomaji wa picha za angani hujifunza kutoamini mtazamo wa kwanza.

Kazi hiyo alifundishwa na mzee Barnabé, mpima ardhi wa mgodi mmoja ambao siku hizi umefungwa. Barnabé alikuwa akiweka mezani picha mbili za mahali pamoja, zilizopigwa kwa kupishana kidogo, kisha juu yake anasimamisha kifaa chenye lenzi mbili na miguu minne ya chuma. Orpha akiinama na kutazama, mwanzoni aliona picha mbili tu. Aliona picha mbili kwa wiki nzima, kichwa kikimuuma. Siku ya nane picha zikaungana, na ghafla mlima ukasimama juu ya karatasi, shimo la mgodi likazama, na mti mmoja ukaonekana kama unataka kumchoma jicho. Akaruka nyuma. Barnabé akacheka mpaka akakohoa.

"Sasa unaona," akamwambia. "Sasa kazi yako ni moja: sema kile uliona. Usiongeze, usipunguze."

Usiongeze, aliweza. Usipunguze, alishindwa mara moja, na mara hiyo moja ilimkaa moyoni kama mwiba.

Ilikuwa baada ya Barnabé kustaafu. Mkuu mpya aliwataka wapime ujazo wa udongo uliochimbwa. Kwenye picha, Orpha akaona juu ya ukuta wa shimo mstari mwembamba kama unywele, usiokuwepo mwezi uliotangulia. Akauandika: ufa. Mkuu akasoma ripoti, akamrudishia.

"Tuliulizwa ujazo, Mama Orpha. Nani alituuliza nyufa?"

Orpha alikuwa mjane wa mwaka mmoja, ana binti wa shule. Akaufuta mstari. Siku kumi na moja baadaye ukuta ukaporomoka, na mmoja wa waliofukiwa alikuwa Magloire, fundi wa pampu, jirani yake wa barabara ya pili. Orpha alikwenda matangani, akakaa chini pamoja na wanawake wengine, akamsaidia mjane Hortense kupika kwa siku tatu. Habari ya mstari alioufuta hakuitaja. Miaka ikapita, mgodi ukafungwa, na kila Hortense alipomsalimu kwa furaha njiani, Orpha aliitikia huku akitafuta pa kupeleka macho.

Binti yake akakua. Carine alisoma upimaji, akaajiriwa na ofisi ndogo ya wapima ardhi mjini, akawa anarusha droni huko Kakanda kupima marundo ya mawe ya shaba. Mashine ilichora milima yenyewe kwenye kompyuta, lakini haikujua rundo la mawe ni nini na paa la kibanda ni nini. Ikakosea mara mbili tatu. Basi Carine akamwambia mkuu wake kwamba nyumbani ana mtu asiyekosea, na Orpha, akiwa na miaka hamsini na minane, akarudi kazini.

Ndipo ikaja habari ya mpaka.

Mbali na Likasi, safari ya siku mbili kwa barabara mbovu, kuna bonde ambalo nchi mbili, Kongo na jirani yake, zilikuwa zikiligombania. Mawe ya mpaka yalikuwa yameng'olewa zamani, kila upande ukiulaumu mwingine. Mwaka ule majeshi yakaanza kusogea. Wanakijiji wakahama na magodoro kichwani, shule ikafungwa. Nchi zote mbili zikakubali jambo moja tu: tume ya pamoja, chini ya jaji mstaafu kutoka nchi ya tatu, ipige picha za bonde kila wiki na kusema wazi nani ameongeza nini. Ofisi ya akina Carine ikapewa kazi. Carine angerusha droni kutoka kilimani, mbele ya maofisa wa pande zote. Orpha angesoma picha mjini Likasi. Akaapa, mkono juu ya Biblia, kwamba atasema anachokiona na hatamwambia mtu yeyote nje ya tume.

Alipokuwa akiapa, alijua kwamba mdogo wake Bertin, sajenti, yuko katika kambi ya bonde lile. Alilitaja hilo mbele ya jaji. Jaji akawauliza maofisa kama wana pingamizi. Wakaangaliana, wakasema karibu kila mtu hapa ana ndugu jeshini, tuendelee.

Wiki ya kwanza ng'ambo kulikuwa na mahema kumi na tisa. Wiki ya tatu, arobaini na saba. Kamanda Samy, mjumbe wa jeshi la Kongo katika tume, alifurahi kusikia hesabu hiyo, akampongeza kwa kelele. Furaha yake ilipungua Orpha alipogeuza karatasi.

"Na huku kwetu, mon commandant, kuko magari sita nyuma ya shule."

"Magari gani? Ile ni vichaka."

"Kichaka iko na mizizi. Hii majani ilikatwa. Angalia, imeanza kukauka, rangi yake si ya pori. Halafu alama za magurudumu zinaingia, hazitoki."

Kapteni wa ng'ambo, mjumbe wa jeshi la pili, akatabasamu. Jaji akaandika. Kuanzia siku hiyo Kamanda Samy alimwita "mama ya ng'ambo", nusu kwa mzaha. Orpha aliumia, lakini kalamu yake haikutetereka. Magari sita nyuma ya shule ni magari sita.

Wiki ya tano Bertin akampigia simu dada yake mkubwa, anayemwita yaya. Alikuwa amepanda juu ya mwamba, mahali pekee palipokuwa na mtandao.

"Yaya, hatujambo. Maji iko, ya chemchemi, baridi kabisa. Na tuko nakula samaki ya kukauka, tamu!"

Orpha akacheka naye, akamuuliza habari za kifua chake, akamuuliza kama anasali. Baadaye, akiosha sombe, yaani kisamvu, ndipo lile neno samaki likarudi. Upande wetu wa bonde hakuna ziwa. Ziwa liko ng'ambo.

Jumatatu picha mpya zikafika. Akaziweka chini ya lenzi, akainama. Mahema yalikuwa yaleyale, mahandaki yaleyale. Lakini katikati, kwenye ardhi ambayo mtu yeyote asingepaswa kukanyaga, palikuwa na uzi mweupe. Ulianza kwenye kambi yetu, ukateremka kwa kukwepa mawe, ukafika chemchemini. Ukatokea upande wa pili wa maji, ukapanda mpaka kambi ya ng'ambo. Wiki iliyotangulia haukuwepo, au ulikuwa mwembamba mno. Na kando ya chemchemi nyasi zilikuwa zimelala, duara la kama hatua sita, kama pale watu wanapokaa kuzungumza.

Akamwita Carine, aliyekuwa amerudi mjini na picha hizo.

"Mbuzi," Carine akasema haraka.

"Mbuzi zinatawanyika. Hii ni miguu ya watu wenye kujua kwenye wanaenda."

Carine akakaa. Naye alikuwa amesikia habari za samaki. "Mama, ukiandika hiyo, watamuua tonton Bertin. Askari kunywa pamoja na adui, unajua wanaita nini? Sema lenzi ilikuwa na vumbi. Mimi nitasaini."

Orpha akasukuma kiti nyuma. Alitoka uani, akachukua simu, akatafuta jina la mdogo wake. Bertin alikuwa wa mwisho kuzaliwa. Mama yao alipofariki alikuwa na miaka minne, na ni Orpha aliyembeba mgongoni mpaka watu wakadhani ni mtoto wake. Kidole kilikaa juu ya jina. Angemwambia tu: acheni kwenda pale. Maneno matatu. Lakini kiapo ni kiapo. Na kama leo anamwonya ndugu yake kuhusu njia, kesho nani ataamini hesabu yake ya mahema? Wakiacha kuiamini, zitaamua bunduki. Akarudisha simu mfukoni. Akaingia ndani, akaandika: *Njia ya miguu, mpya, kutoka kambi ya magharibi hadi chemchemi, na kutoka chemchemi hadi kambi ya mashariki. Inatumika mara nyingi.*

Carine alilia kwa hasira, akaenda kulala kwa rafiki yake.

Tume ilikutana Jumatano katika ukumbi wa parokia. Orpha akasoma ripoti, sauti yake ikiwa kavu. Alipofika kwenye njia, Kamanda Samy akasimama.

"Miguu ya nani hiyo, mama?"

"Picha haiseme nani. Inasema wapi."

Kapteni wa ng'ambo akaanza kucheka, kisha akakumbuka kwamba nusu ya njia ni yake. Wiki tano maofisa hao wawili walikuwa wamebishana hata juu ya nani akae karibu na dirisha. Kuhusu njia hii wakaelewana papo hapo: ifutwe. Jambo dogo, wakasema, halihusu silaha, litawaaibisha wakubwa bure.

Jaji, mzee mpole mwenye kusikia kwa shida, akamgeukia Orpha. "Mama, inaweza kuondolewa bila kuharibu ripoti?"

"Inaweza," Orpha akasema. Akavua miwani. "Nilishafuta mstari moja katika maisha yangu. Mwembamba kuliko hii. Watu wawili walikufa." Na palepale, mbele ya watu ambao hawakumuuliza, akasimulia habari ya ufa, kwa sauti ileile kavu, mpaka alipofika kwenye jina la Magloire, ikakatika.

 Mwishowe jaji akasema njia itabaki kwenye ripoti, lakini tume itaomba kwa maandishi askari wasishtakiwe kwa ajili yake. "Kwangu mimi," akaongeza, "hii ndiyo habari njema pekee niliyosoma tangu nifike."

Orpha hakungoja chai. Likasi ni mji wa maneno. Alijua kabla jua halijashuka habari itafika Kikula bila yeye. Akaenda moja kwa moja kwa Hortense, akamkuta akianika mihogo, akamwambia yote akiwa amesimama, hata begi hajaliweka chini.

Hortense aliendelea kupanga mihogo mpaka ungo ukajaa. "Miaka kumi na tano," akasema. "Miaka kumi na tano ulikuwa nakula kwangu Noeli."

"Eyo," Orpha akakubali.

"Enda kwanza, Orpha. Sitaki kukuona leo."

Orpha akaenda. Noeli iliyofuata hakualikwa. Lakini Pasaka, nje ya kanisa, Hortense alimshika mkono kwa muda mfupi kabla ya kupita, na Orpha hakuthubutu kuomba zaidi.

Bondeni mambo yalikwenda hivi. Ripoti ilipofika kwa wakubwa wa nchi zote mbili, hasira ilikuwa kubwa. Lakini ilikuwa vigumu kuwaambia wananchi kwamba vita haikwepeki, wakati karatasi yenye mihuri ya pande zote inaonyesha askari wao wamejichongea njia ya kukutana chemchemini. Majadiliano yakaendelea. Katika mwezi wa tatu wa kazi ya tume, kila jeshi likarudi nyuma kilomita tano. Orpha alikusoma kurudi nyuma huko kwenye picha: mahema yakapungua, yakabaki mabaka ya ardhi tupu, kisha majani. Shule ikafunguliwa. Mpaka wenyewe haujachorwa mpaka leo.

Bertin hakuuawa wala hakufungwa. Barua ya tume ilisaidia. Alivuliwa cheo, na majeshi yalipokwisha kurudi nyuma akahamishiwa kambi ya mjini Lubumbashi kulinda ghala. Kwa miezi minne hakupokea simu ya dada yake. Kisha asubuhi moja ya mwezi wa nane akatokea mlangoni Kikula, begi begani, amekonda.

Orpha akampikia bukari, ugali wa kwao, na kuku. Alikula bila kuinua kichwa.

"Ulikuwa nayua ni mimi?"

"Nilikuwa nayua."

Akatafuna, akameza. "Kulikuwa koplo mmoja wa kwao, Blaise. Mtoto wake alizaliwa tukiwa kule. Mimi njo nilimchagulia jina. Siku ya kurudi nyuma tulipita karibu, kama hapa na ule ukuta. Walitukataza kusalimiana."

 Orpha akamwongezea mchuzi.

Bertin alikaa siku nne. Alitengeneza bawaba ya mlango, akacheza karata na Carine, akalala sana. Siku ya tano Orpha alimsindikiza hadi kituo cha mabasi ya Lubumbashi. Basi lilikuwa linajaa, kondakta anagonga bati, na Bertin alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye ngazi alipogeuka.

"Yaya, ungeniambia."

"Singeweza, mudogo yangu."

"Niko nayua hungeweza." Alivuta begi begani. "Lakini ungeniambia."

Akapanda, akapata nafasi upande wa dirisha, na basi lilipoanza kuondoka akatoa mkono nje. Orpha akaushika, akatembea nao hatua chache, mpaka mwendo ukamshinda.