Nilivyorudi Kusuka Juani

Mimi ni wa kwanza kati ya watoto watatu. Wazazi wetu walipofariki niliacha sekondari mwaka wa pili, nikaja Durban na wadogo zangu kutoka Bukavu. Nilianza kusuka nywele kando ya barabara mjini, kati ya wauza mahindi. Baada ya miaka minne nikapata kiti ndani ya saluni, nikajiona nimefika.

Saluni ile haina dirisha. Msimu wa baridi niliingia jua halijapanda, nikatoka limeshazama. Chumba chetu cha South Beach nacho kinatazama ukuta wa ghorofa jingine.

Mwezi wa sita mwili ukawa mzito. Nililala muda mrefu nikaamka nimechoka. Chakula kilikuwa kama karatasi mdomoni. Nilikaa siku nane bila kuoga. Mimi msusi, nywele zangu zikashikana hadi kichwa kikanuka. Kanisani wakasema ni pepo. Nikafunga siku tatu, nikaanguka kwenye ngazi. Nikaanza kuwaza kwamba wadogo zangu wangepumzika nisingekuwepo.

Jumanne moja niliamka mchana, nikamwona mdogo wangu Neema, wa miaka kumi na tano, anafua shuka zangu.

"Leo hakuna shule?"

"Iko. Lakini yaya," akasema, akiniita mkubwa wake kama kwetu, "nani atabaki na wewe?"

"Tangu lini huendi?"

"Hii wiki ya pili. Usinifokee, hata nguvu ya kufoka huna."

Nililia. Shule niliyoiacha kwa ajili yake, naye alikuwa anaiacha kwa ajili yangu. Nikamwambia anipeleke kliniki.

Nesi alinisikiliza mpaka mwisho. "Huu ni ugonjwa," akasema. "Si uvivu." Alinipa vidonge, akanipangia siku za kuzungumza na mshauri. Kisha akauliza jua nalipata saa ngapi. Nikamwambia saluni haina dirisha.

Nikamwomba bosi kiti changu kitolewe nje, akakubali. Mwenzangu wa saluni akacheka: "Eish, yaya kashushwa cheo, karudi kwa wauza mahindi."

Iliniuma, lakini nilikaa. Vidonge vilinikausha mdomo, na kwa wiki kadhaa sikuona tofauti. Halafu asubuhi moja nikasikia njaa.

Mwaka huu baridi imerudi, na uzito nao umerudi, ingawa si kama ule. Namshukuru Mungu, nesi na Neema. Wewe mkubwa unayewaficha wadogo zako, sema mapema. Wanaona.

Mimi nasukia nje. Neema akipita kutoka shule, namshika mkono kwanza, nitazame kama vidole vina wino wa darasani.