Maziwa Niliyomwaga Masukulu

Vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto vilidondokea ndani ya ndoo ya maziwa, na maziwa yakageuka rangi kabla sijasikia maumivu. Ilikuwa asubuhi ya manyunyu, mbele ya watu karibu thelathini waliopanga foleni kando ya barabara kule Masukulu. Aliyenikata alikuwa mwanamume wa makamo, na panga alilotumia ndilo alilokatia majani ya ng'ombe wa mama yake. Maziwa yaliyokuwa ndani ya ndoo yalitoka kwa ng'ombe huyo huyo.

Watu wanaoanza biashara huja kwangu Ibighi kuniuliza nilianzaje na nilikuaje. Huangalia majokofu, huangalia wanawake wanaojaza mtindi kwenye vikombe, halafu huishia kuuangalia mkono wangu. Nimechoka kuusimulia nusu nusu, nikisimama mlangoni. Nitaueleza mara moja, kwa mpangilio.

Kwa miaka miwili nilinunua maziwa hapa hapa mjini Tukuyu, mitaa ya Ibighi na Msasani, kwa watu ninaowajua. Kwetu ni nyumba ya Waislamu na ya wachuuzi. Baba aliuza vitambaa, mama aliuza maandazi, na mimi nilijua tangu zamani kwamba mteja akionja mtindi mwepesi mara moja, harudi. Kwa hiyo nilinunua laktomita. Ni kijiti cha kioo chenye uzito chini na namba juu. Unakitumbukiza kwenye maziwa. Kikielea, maziwa ni mazito. Kikizama, kuna maji. Nikajiwekea sheria: kikizama, maziwa yanamwagwa pale pale mbele ya wenzake, bila mjadala. Katika miaka hiyo nilimwaga mara mbili tu, na wote wawili walikiri wakicheka. Mmoja alisema alidhani kile kijiti ni cha kupima homa.

Kijiti kilikuja na karatasi ya maelezo iliyokunjwa mara nne. Sikuisoma. Niliifunikia chupa ya mafuta ya taa.

Mtindi ukawa unaisha kabla ya adhuhuri, wateja wanagonga mlango nami sina cha kuwapa. Nikaamua kushuka Masukulu, ambako karibu kila nyumba ina ng'ombe nyuma ya migomba. Kule kuna joto kuliko kwetu. Nilikodi guta, ile pikipiki ya magurudumu matatu, pamoja na dereva wake, mwanamume wa Msasani mwenye maneno mengi ambaye alikuwa na haraka kila siku kwa sababu baada ya maziwa alibeba matofali. Tukachagua mahali pa kupokelea maziwa, penye mti wa kivuli na nafasi ya kugeuzia guta. Sikukaa hata siku moja kuangalia watu wa pale wanakamua saa ngapi, nani anatoka mbali na nani anatoka karibu. Nilifika na sheria yangu na kijiti changu.

Siku ya kwanza, bibi mmoja alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya barabara. Ng'ombe wake tulimwona akitafuna pale tuliposimama. Wengine walikuwa wametembea saa nzima. Kwenye ndoo ya bibi povu lilikuwa bado halijatulia. Alinisalimia kwa Kinyakyusa, "Ugonile," nikamjibu nilivyoweza, nikatumbukiza kipimo. Kikazama.

"Bibi, haya yana maji."

"Maji ya wapi, mwe? Masiwa yangu haya. Nimekamua sasa hivi."

"Kipimo hakimjui mtu, bibi."

"Na mimi sikijui. Njoo ukamue mwenyewe. Ng'ombe yule pale."

Foleni ikacheka. Mtu akapaza sauti, "Bibi, ng'ombe wako kanywa mto mzima!" Mwingine akadakia, "Huyo akamuliwe kiangazi!" Dereva akapiga honi. "Bosi, twende bwana, matofali yananisubiri."

Kwenda kukamua kungenichukua dakika kumi. Sikwenda. Niliinua ndoo, nikamwaga. Maziwa yakakimbilia mfereji wa barabara, mbwa wawili wakayarukia, wakang'atana mpaka mmoja akachanika sikio na kulia kama mtoto. Watu wakawashangilia mbwa. Bibi akachukua ndoo yake, akaipangusa ndani kwa ncha ya kanga, taratibu, akaondoka.

Kama kuna neno moja ningependa kijana wa biashara alishike, ni hili: mtu unayemtuhumu akikwambia njoo uone mwenyewe, nenda. Acha honi ilie.

Siku ya pili bibi alikuja tena, wa kwanza tena, povu likiwa bado juu. Kikazama tena. Safari hii kicheko kilikuwa na meno. Mwanamume mmoja alimnyang'anya ndoo, akaimwaga yeye kabla yangu, kisha akamvika kichwani kama kofia na kuipiga kofi. Bati likalia. "Bibi Bomba!" akasema. "Fungulieni bomba tunywe!" Jina likashika hapo hapo. Wanawake waliosimama naye, ambao nilikuja kujua wanaimba naye kanisani, walisogea pembeni ili wasiguswe na maziwa, au na yeye. Sikumkemea yule mwanamume. Niliona ananisaidia kazi. Nilimwambia bibi akirudi na maji mara ya tatu asirudi tena.

"Nitarudi," alisema.

Asubuhi iliyofuata, tukiwa njiani kushuka, dereva alinipa habari.

"Bosi, mtoto wa Bibi Bomba katoka kwenye mashamba ya chai kaja nyumbani. Jana jioni kamtoa mtu meno kilabuni."

"Kisa?"

"Kisa wewe. Jamaa kaomba kikombe cha maji, halafu kasema aletewe yale ya Bibi Bomba."

Tukacheka sote wawili. Nilicheka kweli, nimeshika chombo cha kipimo mapajani ili kisivunjike.

Siku hiyo ya tatu bibi hakuwa wa kwanza. Tulipokea maziwa ya watu wote, wakabaki wakisubiri malipo huku manyunyu yakitulowesha, ndipo alipovuka barabara akaja wa mwisho. Hakusalimu. Maziwa hayakuwa na povu, na ndoo nilipoishika ilikuwa ya baridi. Nikatumbukiza kipimo. Kikazama kuliko siku zote mbili zilizotangulia.

Nilimtazama. Hakusema maziwa yake ni safi. Hakusema njoo ukamue. Aliangalia ndoo.

Nikaiinua kwa mikono miwili.

"Mwaga," sauti ya kiume ikasema nyuma yangu. "Mwaga tena nione."

Nilidhani ni mtu wa foleni. Nikaanza kuinamisha.

Panga liligonga ukingo wa ndoo likapitiliza. Nilisikia bati kwanza. Ndoo ikaniponyoka ikatua imesimama ardhini, nusu imejaa, nami nikawa nashangaa kwa nini maziwa yana rangi ile. Kisha nikaona mkono. Mtoto wa bibi alikuwa ameinua panga mara ya pili, amekuja na gome la mgomba limemganda begani, na alikuwa akilia huku akipumua kama aliyekimbia mlima. Dereva alimrushia keni ya alumini ikampata kifuani. Akaanguka. Hapo foleni ikafika.

Watu hao, kwao mimi nilikuwa hela ya sabuni na daftari za watoto. Walimpiga kwa mawe, kwa fito za uzio, kwa ndoo zao zenyewe. Mmoja alikuwa akimpiga teke kichwani kwa utulivu, amepandisha suruali ili isichafuke. "Muue! Muue!" Yule aliyemvika bibi ndoo alikuwa mbele kabisa. Bibi akapenya katikati ya miguu, akajilaza juu ya mwanawe. Hawakuacha. Ufito uliokusudiwa mwanawe ulimpata yeye juu ya kiwiko, na niliusikia mfupa.

Nilisema "Mwacheni," lakini nilichelewa. Kabla ya hapo nilikuwa nimekaa chini, nimekumbatia mkono ndani ya kanga, na nilitaka waendelee. Mtu akiniuliza kama mjasiriamali anahitaji roho ngumu, huwa nakumbuka dakika hiyo.

Aliyewatawanya ni dereva. Aliwasha guta, akaliingiza kwenye kundi, honi imeshikwa, mmoja akakanyagwa mguu. Akatupakia sote watatu juu ya keni za maziwa: mimi, aliyenikata, na mama yake. Tulipanda hadi hospitali Tukuyu hivyo hivyo, tukiyumba, damu ya watu watatu ikiteremka kwenye mbao. Yule mwanamume alitema jino mkononi, akalitazama, akalitupa. Jicho lake la kulia lilikuwa limeshafumba, halikuona tena. Tulipofika, bibi alimwambia dereva, "Ndaga," yaani asante, akashuka akishikilia mkono wake kwa mkono mwingine.

Ile ndoo tuliiacha barabarani. Ilikuwa na damu na vidole; hakuna ambaye angeipima tena.

Nilikuwa nimeondolewa nyuzi tayari siku mtaalamu mmoja wa mifugo alipokuja Ibighi kununua mtindi akanikuta napokea maziwa kwa mkono mmoja. Jirani wa Msasani alikuwa amekamua akaja moja kwa moja. Kipimo kikazama, nami nikakunja uso.

"Mama, unayapima ya moto?" aliuliza.

"Kwani yapimwe vipi?"

"Uyaache yapoe kwanza. Ya moto ni mepesi, kijiti kinazama hata kama hayana tone la maji. Hukupewa karatasi?"

Tukaiweka sufuria ile ile ndani ya beseni la maji baridi. Tukasubiri. Nikatumbukiza tena. Kikaelea juu, pale pale panapotakiwa. Alipoondoka nilirudia na maziwa mengine, na mengine tena. Nikapata kuelewa miaka yangu miwili ya haki: majirani zangu wengi walikuwa wakiniletea maziwa ya jioni, yaliyolala kwenye baridi yetu. Kipimo hakikuwahi kuwa na sababu ya kunidanganya. Karatasi niliikuta bado juu ya chupa ya mafuta ya taa. Maelezo ya joto yalikuwa mstari wa pili.

Mume wangu alisema nimwandikie mwenyekiti wa kijiji barua. Nilikataa. Nilikuwa nimemwaibisha bibi saa moja asubuhi kando ya barabara, mbele ya foleni. Nikashuka saa ile ile, mahali pale pale. Foleni ilikuwepo, kwa mnunuzi mwingine. Niliwaeleza yote, nikawaonyesha kwa sufuria mbili. Bibi alisimama upande wa pili wa barabara, mkono kwenye plasta.

Kisha yule aliyemvika ndoo akasema, "Sasa sisi tulimpiga kwa nini?"

"Mlimpiga kwa sababu mlipenda," mwanamke mmoja akamjibu. "Usijifanye umesahau, ulikuwa unatoka jasho."

Hakuna aliyewahi kukamatwa kwa mkono wa bibi wala kwa jicho la mwanawe.

Nilivuka barabara, nikapiga magoti. Nilimwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ya kwansa ulikosea," alisema.

"Nilikosea, bibi."

"Ya pili ulikosea."

"Nilikosea."

"Na ya tatu?"

Hapo ndipo nilipokwama, na nimekwama hadi leo. Siku ya tatu maziwa yalikuwa ya baridi. Kipimo kilipaswa kuelea. Inawezekana mikono yangu ilitetemeka. Inawezekana mvua iliingia ndani ya ndoo alipokuwa anavuka, ingawa kiasi kile cha manyunyu kisingetosha. Na inawezekana kwamba mtu aliyekwisha kuitwa mwizi siku mbili mfululizo mbele ya wenzake wa kanisani aliamka siku ya tatu akaona hana cha kulinda.

"Bibi," nikamwuliza kwa sauti ya chini, "ya tatu uliweka maji?"

"Wewe ndiye mwenye kipimo," alisema, akaingia ndani.

Sasa napoza maziwa ya kila mtu kabla ya kupima. Nikikuta yana maji namwita mwenye maziwa pembeni, anaondoka na ndoo yake imejaa, na hakuna mwingine anayejua. Sijamwaga tena maziwa ya mtu. Nawaambia wanaokuja kuniuliza: kabla hujapeleka biashara yako mahali papya, jipeleke wewe kwanza, ukae, usiwe na kijiti.

Mtoto wa bibi yuko mahabusu. Nilipotoa ushahidi nilisema siku mbili za kwanza nilimsingizia mama yake. Kuhusu ya tatu nilisema nilichokiona, kwamba kipimo kilizama. Utetezi wake umesimama juu ya kitu kimoja, kwamba mama yake alitukanwa siku tatu bila kosa, naye akapandwa na hasira. Zikiwa siku mbili tu, mwendesha mashtaka anasema, basi siku aliyoshika panga maziwa yalikuwa na maji kweli, na hasira hiyo haina msingi.

Bibi aliitwa na upande wa utetezi. Aliapa kwa kumfuatisha karani neno kwa neno, akajibu maswali ya upande wake kwa ndiyo na hapana tu, kisha mwendesha mashtaka akasimama.

"Mama, siku ya tatu, uliongeza maji kwenye maziwa au hukuongeza?"

Bibi alimtazama mwanawe kizimbani, jicho moja limefumba. Akamgeukia hakimu, akasema kwa Kinyakyusa kwamba yeye Kiswahili hakijui. Mimi ambaye nilibishana naye kwa Kiswahili kando ya barabara nilikuwa nimekaa benchi la tatu, na sikusema neno. Mkalimani hakuwepo siku hiyo. Hakimu aliahirisha shauri mpaka apatikane.