Siku Antibodi Zangu Zilipigwa Mnada Bahati

Nimekaa na hii aibu miezi mitatu, wacha niitoe mnicheke mara moja yaishe. Mimi hufanya kazi maabara ya kliniki hapa Nakuru, na Jumapili hiyo nilikuwa nimetoka kuchukua kichupa cha antibodi pale mjini mizigo inashukia, kichupa kidogo kuliko kidole, lakini ile kitu iko ndani hushika wale askari wa mwili wanaitwa CD4, wale virusi vya Ukimwi huwamaliza, huko juu kwa ngozi yao na kuwapaka rangi ndio mashine iweze kuwahesabu, na wagonjwa wa Jumatatu walikuwa wameshakosa kupimwa wiki mbili wakingojea hiyo tu. Haitaki joto, haitaki mwanga. (Ni kama mtoto mchanga, ila mtoto ukikosea atalia.) Mtu na akili zake angeipeleka friji kwanza. Mimi nikasema wacha nipitie kanisa huko Bahati, kwani ilikuwa Jumapili ya mavuno na mimi ndio naimba sauti ya kwanza.

Kijisanduku changu cha barafu nikakiweka chini ya meza ya mbele, penye kivuli, katikati ya kabichi, mayai na viazi za Mau Narok, nikavaa joho nikaenda kwa kwaya. Sasa kwetu mavuno yakishaombewa hupigwa mnada, na mimi, mtoto wa hilo kanisa, nikasahau kwamba chochote kiko hapo mbele ni cha Bwana.

Tuko katikati ya wimbo, naona mzee wa kanisa ameinua sanduku langu, analitingisha, anaambia watu kitu imefungwa hivi lazima ni samaki. Nikamkonyeza aache. Akadhani nanunua, akapandisha bei. Mama mmoja jirani yetu, nitamwita Mama Shiro (si jina lake, msijisumbue kumtafuta), ndiye alishinda, na papo hapo akafungua, akatoa kichupa, akaanza kubandua foili yake ya kuzuia mwanga pale dirishani kwenye jua.

"Usifungue, hiyo ni yangu, ni ya CD4!"

Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu. Kanisa zima likasikia. Nikamkimbilia, na kwa vile sikuwa na kitu kingine cha kuzuia mwanga, nikavua wigi nikafunika kichupa nayo. (Wueh, na chini ya hiyo wigi nilikuwa sijasukwa tangu lini.) Kabla nieleze chochote pasta ameniwekea mkono kichwani, anashukuru Mungu kwa binti jasiri aliyetangaza hali yake, na watu wanalia. Ningesema aje katikati ya maombi, eti si mimi, ni kazi tu? Nikapiga magoti, wigi kifuani, nikiwaza barafu inavyoyeyuka.

Jumatatu nikaijaribu kwanza na damu ya majaribio. Ikafanya kazi. Nikafungua mlango kuita mgonjwa wa kwanza, na kwenye benchi alikuwa Mama Shiro, kitambaa kimevutwa hadi kwa macho.

"Nilikuwa nimeacha dawa, naogopa watu," akaniambia polepole. "Lakini wewe ulisema mbele ya kanisa zima. Nikajiuliza, mimi ni nani?"

Nikamtoa damu, nikampima na hiyo hiyo antibodi ya mnada. Tangu siku hiyo kichupa huenda friji kwanza, Bwana atanisamehe nikichelewa. Lakini ukweli sijamwambia. Kila Jumapili tunaketi pamoja, ananiuliza kwa sauti ya chini kama nimemeza dawa, na mimi, Mungu anisaidie, namjibu nimemeza, na wewe je?