Miguu Mbele ya Jiko

Tena, dada zangu, yule nusu mtu wa kwenye kitabu cha Luz leo nimemkuta jikoni kwangu!

Ibandikeni karatasi hii mlangoni hapo hosteli, kila nesi aisome.

Kitabu mnakijua, kile cha hadithi za picha za kwao Ufilipino. Mwanamke anakatika kiunoni, nusu ya juu inaruka kwenda kuwinda, miguu inabaki imesimama. Ukiimwagia chumvi, nusu hizo haziungani tena. Nakipenda mno!

Basi nimeshuka basi Coventry Road, giza limeshaingia, baridi ya kugandisha maji. Nafungua mlango: miguu imesimama mbele ya jiko. Juu ya kiuno hakuna kitu.

Nikamwaga mkebe mzima wa chumvi.

Ndipo nikaona kiraka nilichokishona mwenyewe. Suruali ya Daudi wangu! Na mwenyewe hayumo nyumbani.

Mara ikakunja magoti, polepole, ikaniinamia. Nikapiga yowe.

Mume wangu akaingia na debe la mafuta ya taa.

"Mpenzi, iliganda kwenye kamba kwa baridi, nikaisimamisha hapo iyeyuke. Nawe unaiunga kwa chumvi?"

Haya, chekeni. Lakini nilipomkumbatia nilimpapasa kiunoni kwanza.

Kesho alfajiri ataivaa kwenda kiwandani. Nimeikung'uta mara ngapi, na chumvi bado imo kwenye mishono.

Ninyi mngeweza kulala? Andikeni hapa chini.

Luz, kitabu nitakuletea mwenyewe kabla mwezi huu haujaisha. Niwekee kingine, cha kutisha zaidi.