Jalada la Mashuka Manane

Binti wa marehemu mdogo wangu alifeli somo la jinai mwaka jana, na kosa kwa upande mmoja lilikuwa langu. Swali lilitaka aeleze hakimu afanye nini mshtakiwa anapokiri kosa. Yeye akajaza kurasa tatu kueleza jinsi wanyonge wanavyoonewa mahakamani. Mwalimu akampa alama nne na kuandika pembeni kwa wino mwekundu: "Sikuuliza unavyojisikia." Chuo kikampa nafasi moja ya kurudia. Akianguka tena, anafunga virago, na miaka yake mitatu ya sheria inakwenda na maji.

Nasema kosa langu kwa sababu hasira ile aliinyonya kwangu. Alikuwa na miaka kumi nilipofungwa. Nilikuwa dobi katika nyumba ya wageni. Mashine ya kuchemshia maji iliharibika, mwenye nyumba akaniambia nichukue mashuka manane yenye madoa nikayachemshe kwangu. Siku ya tatu alikuja na askari. Mahakamani nilisomewa shtaka la wizi, nikaulizwa ni kweli au si kweli. Nikasema ni kweli niliyachukua, lakini mwenyewe ndiye aliyenituma. Hilo la pili hakuna aliyeinua kichwa kulisikiliza. Miezi sita. Mwenye nyumba alikuwa amekaa benchi la mbele, mkoba mapajani, ameukazia macho mkoba wake kana kwamba utakimbia.

Nilipotoka hakuna aliyetaka niguse nguo zake. Ilinichukua miaka kupata wateja wachache wa kunyoosha mashati, na kwa pasi hiyo nikamsomesha mtoto. Chumba chetu ni kimoja. Meza ya pasi ndiyo meza yake ya kusomea, kwa hiyo tumezoea kufanya kazi pamoja: mimi nanyoosha upande huu, yeye upande ule anakariri vifungu. Mimi sikusoma, ila najua anapokosea, maana akiwa hana hakika sauti yake hupanda mwishoni kama mtu anayebisha hodi. Hapo humwambia arudi nyuma. Wapangaji wenzetu walimpachika jina la Kasuku. Fundi cherehani wa chumba cha jirani kila akimwona anarudi chuoni humwuliza leo amemfunga nani, naye humjibu kwamba jalada lake fundi bado liko kwa mpelelezi, kosa ni suruali ya watu aliyoikata fupi.

Mwaka huu wa kurudia alibadilika. Kila Jumatano alikwenda mahakamani kukaa benchi la wasikilizaji, na saa ya mkononi, akipima watu wanasomewa shtaka kwa dakika ngapi. Wengi, aliniambia, hawafiki dakika nne. Nilimngoja alaani. Hakulaani, aliandika tu kwenye daftari.

Kisha wakapewa kazi ya vitendo, ambayo ndiyo iliyobeba alama nyingi. Kila mwanafunzi alitakiwa kwenda masjala ya mahakama, achague jalada moja lililofungwa zamani, alichambue kwa sheria, halafu asimame darasani alitetee mbele ya mwalimu. Mwalimu mwenyewe wanafunzi wanamwita Bwana Kwa Nini, kwa kuwa hana swali jingine.

Jioni moja Kasuku akafunga daftari lake na kuniambia anataka kuchukua jalada langu.

Nilimkatalia palepale. Nilimwambia nimekuvusha mto kwa mgongo wangu, sasa unataka kunirudisha majini ukanioneshe kwa wenzako. Akasema mficha uchi hazai. Nikamwambia mimi sina haja ya kuzaa, nina haja ya kuachwa. Siku mbili tukawa tunapishana na mashati tu. Siku ya tatu nikaona anajiandaa kwenda kuchukua jalada la mtu mwingine, lolote lile, na sura yake ilikuwa ya mtu anayekwenda kufeli. Nikamwambia lichukue langu. Sikusema kwa upole.

Karani wa masjala alimwambia majalada ya mwaka ule nusu yameliwa na panya. Alirudi mara tano. Mara ya sita karani akachoka kumwona, akamfungulia chumba cha nyuma, akamwambia atafute mwenyewe na akiumwa na kitu asimlaumu mtu. Alilikuta chini kabisa. Jalada lenyewe jembamba kama daftari la mtoto wa darasa la kwanza.

Akanisomea. Jibu langu lilikuwa maneno matatu: "Ni kweli niliyachukua." Kisha nukta. Nikamwambia umeona, walinikata ulimi. Nilidhani sasa ana silaha. Akatikisa kichwa.

"Hilo siwezi kulitumia, mama mkubwa. Kilichoandikwa ndicho kilichosemwa. Nikisema ulisema zaidi, Bwana Kwa Nini ataniuliza kwa nini anisadiki, na mimi sina jibu ila kwamba nakupenda."

Alikaa na zile karatasi wiki nzima. Nilimwona anazihesabu kwa kidole, anarudi mwanzo, anahesabu tena, mpaka nikamwambia karatasi sita haziwezi kuwa saba. Akaniangalia. Akasema hilo ndilo jambo lenyewe. Akanieleza kwamba mtu akikiri, kazi haijaisha. Mwendesha mashtaka lazima asimame asome kisa chote: nani, lini, wapi, alifanya nini, kwa ruhusa ya nani. Kisha mshtakiwa aulizwe kama yote hayo anayakubali. Ndipo atiwe hatiani. Katika jalada langu, kutoka jibu langu wanaruka moja kwa moja hadi adhabu. Kisa hakikusomwa. Nafasi ya kusema nilitumwa ilikuwapo kisheria, nami sikupewa. Kuijua hakukuhitaji ushahidi wangu, ilitosha kusoma karatasi zao wenyewe.

Siku ya kulitetea nilivaa gauni langu la misibani nikaenda. Darasa lilikuwa wazi kwa wasikilizaji, nikakaa nyuma karibu na mlango. Kasuku alisimama na sketi yake nyeusi, ile moja, akaeleza taratibu, bila kupandisha sauti hata mara moja. Bwana Kwa Nini, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimwuliza kwa nini mara tisa. Nilihesabu. Kisha akafunga kitabu.

"Sasa geuka. Wewe ni mwendesha mashtaka. Niambie kwa nini huyu mama abaki na hatia."

Hakutazama nyuma. Akaanza. Akasema mshtakiwa alikuwa mtu mzima mwenye akili timamu, aliulizwa kwa lugha anayoielewa, akajibu waziwazi. Mali ilikutwa chumbani kwake. Alikuwa na siku za kukata rufaa na hakukata, wala mwaka ule, wala uliofuata. "Mtu aliyeonewa," akasema, "hakai kimya miaka kumi na mmoja."

Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia. Mtoto niliyemlea kwa mvuke wa pasi alikuwa ananifunga mbele ya watu, na alikuwa ananifunga vizuri kuliko yule wa kwanza. Nilishika mlango nitoke. Kilichonizuia ni Bwana Kwa Nini kusema: "Jijibu."

Akajijibu. "Upande wa mashtaka umesema mengi, lakini haujanionesha ukurasa wenye kisa. Hakimu alimtia hatiani mtu bila kujua alifanya nini. Ukimya wa mshtakiwa, hata ungekuwa wa miaka mia, haujazi ukurasa ambao mahakama haikuuandika."

Mzee akavua miwani, akamwuliza kama anamfahamu mshtakiwa, maana amelishughulikia jalada hili kama anachimba kisima chake.

"Ni mama yangu mkubwa. Nimelieleza hilo ukurasa wa kwanza, mwalimu, mstari wa tatu."

Mzee akafunua nyuma, akasoma, akakohoa. Wanafunzi wakacheka, naye akawaambia wacheke wakimaliza mitihani.

Njiani nilitembea mbele yake. Kwenye kona ya duka la vitabu nikasimama, nikamwuliza lile la miaka kumi na mmoja amelitoa wapi.

"Ndilo watakalokuuliza ukitaka kukata rufaa nje ya muda," akasema. "Nilitaka ulisikie kwanza kwangu, mahali ambapo yupo mtu wa kulijibu."

Nilikuwa bado nina hasira, na sitadanganya kwamba iliisha pale dukani. Lakini usiku na mchana lilinikaa jambo moja. Siku yangu mimi, dakika nne, hakuna aliyesema neno la kunifunga wala la kunitoa. Nilipita kama mzigo kwenye mizani. Siku ile darasani watu waligombana juu yangu saa nzima kwa hoja, na anayenishambulia alilazimika kufikiri.

Matokeo yalibandikwa baada ya wiki tatu. Alipata sitini na moja. Si alama ya kupigiwa vigelegele, ila imevuka mstari, na mwaka wa nne anaingia. Fundi cherehani alisimamisha mashine yake, akaja kumpa mkono, akamwomba amfutie shtaka la suruali. Kasuku akamwambia aombe kwa maandishi.

Akanigeukia mimi. Kituo cha msaada wa sheria pale chuoni kinapokea watu Jumatatu, akasema, yeye hawezi kunisimamia kwa kuwa bado mwanafunzi, lakini wapo mawakili, na jalada analijua lilipo. Hakunibembeleza. Alingoja.

Nilikunja kola ya shati la mteja, nikaibana kwa pasi mpaka ikasimama.

"Jumatatu nina mashati ya watu wa benki mpaka adhuhuri," nikamwambia. "Tutakwenda saa nane."